Mkuki wa Julius Yego

(Haya ni maneno ya somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Kiongozi wa darasa asome kipande kimoja kimoja, kisha wanafunzi wasome wenyewe kwa zamu.)

Salamu kwa madarasa yote ya Temeke, Tandika, Mbagala, Kinondoni, Manzese na Tandale, na kwa wote waliokwisha keti mbele ya redio na madaftari yao. Aliye na kalamu aishike, maana leo tutaandika tarakimu. Asiye na kalamu aazime kwa jirani.

Leo tutazungumza juu ya mtu mmoja arushaye mkuki. Jina lake ni Julius Yego. Ni Mkenya, naye mwaka 2015 alikuwa bingwa wa dunia. Huenda baadhi yenu mkauliza, "Sisi tumekuja kujifunza kusoma na kuandika, mkuki wa nini?" Ngojeni kidogo. Mtu huyu alianza kujifunza kazi yake akiwa hana mwalimu. Alijifunza kwa kutazama. Habari zake zimesimuliwa duniani kote, na katika kusimuliwa zimepunguzwa, mpaka watu wengi wanajua nusu yake tu. Leo tutaitafuta nusu ya pili.

Kwanza tupime. Mtu asiyepima husema "mbali sana", na hapo maneno yamekwisha. Tarehe 26 Agosti 2015, katika mji wa Beijing, nchini Uchina, Julius Yego alirusha mkuki ukaenda mita 92 na sentimita 72. Andikeni hivi: 92.72. Nukta iliyo katikati hutenga mita na sentimita. Upande wa kushoto ni mita, upande wa kulia ni sentimita.

(Kituo kidogo. Kiongozi aandike tarakimu hiyo ubaoni.)

Ninyi wa Temeke mnaujua Uwanja wa Benjamin Mkapa. Wengine mnauza maji na karanga pale siku ya mechi ya Simba na Yanga. Uwanja wa mpira wa mashindano makubwa huwa na urefu wa mita 105, kutoka mstari wa goli hili mpaka mstari wa goli lile. Sasa msimamisheni Yego katika mstari wa goli moja, arushe mkuki kuelekea goli la pili. Mkuki utapita juu ya duara la katikati, utaingia katika eneo la hatari la upande wa pili, nao utachoma ardhi karibu na nukta ya penalti. Toeni 92.72 katika 105. Inabaki 12.28. Nukta ya penalti iko mita 11 kutoka mstari wa goli. Basi mkuki umeanguka mita moja na robo hivi kabla ya nukta ile. Golikipa asingesubiri kuona.

Katika riadha viko vitu vinne vinavyorushwa: tufe, kisahani, nyundo na mkuki. Tufe ni donge zito la chuma. Lile la wanaume lina kilo 7 na gramu 260, yaani limezidi kidogo uzito wa maji ya lita saba. La wanawake lina kilo 4. Tufe halitupwi kama jiwe la kufukuzia kunguru. Mchezaji huliweka shingoni, chini ya taya, akalisukuma kwa mkono mmoja kutoka ndani ya duara dogo. Mwaka 2023 Ryan Crouser wa Marekani alilisukuma mita 23.56, ikawa rekodi ya dunia.

Mkuki ni mwepesi. Wa wanaume una gramu 800, wa wanawake una gramu 600. Gramu 800 hazifiki kilo moja ya sukari. Kwa sababu hiyo wengine hudhani kwamba kurusha mkuki ni kazi rahisi kuliko kusukuma tufe. La, si hivyo. Kitu kizito kitaenda mbele kidogo hata kama umekosea. Mkuki ukikosea, unayumba hewani kama karatasi, unaanguka kwa tumbo badala ya kuanguka kwa ncha. Na kwa sheria ya mchezo, usipoanguka kwa ncha kwanza, mrusho wako hauhesabiwi.

Sasa turudi kwa mtu wetu. Yego alizaliwa tarehe 4 Januari 1989 katika nchi ya Wanandi, magharibi ya Kenya. Nchi ile ni ya vilima, chai na maziwa, na zaidi ya yote ni nchi ya wakimbiaji. Kipchoge Keino, aliyeshinda mbio za mita 1500 katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, alitoka huko. Eliud Kipchoge, bingwa wa marathoni katika Olimpiki mbili, ametoka huko pia. Kijana wa Nandi anayetaka kukimbia akiamka alfajiri huwakuta wenzake wamekwisha toka barabarani. Anawafuata tu.

Lakini anayetaka kurusha mkuki amfuate nani? Kenya ilikuwa na walimu wengi wa mbio na sifa nyingi za mbio. Mpaka mwezi Agosti mwaka 2015, kila medali ya dhahabu ambayo Wakenya walikuwa wameileta kutoka mashindano ya dunia ya riadha ilikuwa ya kukimbia. Ya kurusha, hakuna. Ya kuruka, hakuna. Mtu aliyetaka mkuki alikuwa kama mtu anayetaka kujifunza ubaharia huko Dodoma.

Alipokuwa mwanafunzi wa shule, Yego alikata matawi ya miti, akayachonga yakawa mikuki, akarusha hayo. Mkuki halisi wa mashindano ni ghali, nao hauuzwi dukani mtaani. Hapo msidhani kwamba fimbo na mkuki ni mamoja. Mkuki wa mashindano umetengenezwa kwa kipimo: urefu wa mita 2.60 mpaka 2.70, na mahali pa kushikia pamefungwa kamba, pakiwa pameelekezwa kwenye uzani wake. Wala si sawa na mkuki wa wazee wetu. Wahehe wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani pale Lugalo mwezi Agosti mwaka 1891, na silaha yao kubwa ilikuwa mkuki, lakini mkuki ule ulikuwa wa kuua adui aliye karibu. Mkuki wa michezo umefanywa uelee hewani. Nasema haya kwa kuwa nimewahi kusikia mtu akidai kwamba watu wa makabila fulani wangeshinda dunia nzima kwa sababu babu zao walikuwa na mikuki. Babu hana msaada hapa.

Baadaye Yego, akiwa kijana, alianza kwenda katika duka la intaneti. Wengi wenu mmeyaona maduka hayo: kompyuta zimepangwa ukutani, na mtu hulipa kwa dakika alizokaa. Humo alifungua YouTube. Kwa asiyejua, YouTube ni ghala la sinema fupi fupi. Watu wa nchi zote huweka humo picha zao zinazotembea, na mtu yeyote aweza kuzitazama. Siku hizi hata simu ya mkononi huonyesha. Yego alitazama warushaji wakubwa, hasa wawili. Mmoja ni Jan Železný wa Ucheki, aliyeshinda Olimpiki tatu, naye mwaka 1996 alirusha mita 98.48, rekodi ya dunia. Wa pili ni Andreas Thorkildsen wa Norwe, bingwa wa Olimpiki za mwaka 2004 na 2008. Akitoka dukani alikwenda uwanjani kujaribu aliyoyaona.

(Kituo kidogo. Darasa lisome tena kipande hiki.)

Alikuwa akitazama nini hasa? Mtu asiyejua akiona mrushaji wa mkuki huutazama mkono. Mkono ndio unaoonekana. Lakini siri iko mguuni, na jambo hili ninyi wa Mbagala mtalielewa upesi kuliko watu wengine, kwa sababu mnapanda daladala kila siku.

Fikirini mmesimama ndani ya daladala, limejaa, linakwenda mbio. Ghafla dereva anafunga breki. Gari linasimama, lakini ninyi hamsimami. Mnarushwa mbele. Aliyeshika bomba kwa mkono mmoja huzunguka, na kikapu cha aliye nyuma humfikia konda. Nguvu ile haikutoka mikononi mwenu. Ilitoka katika mwendo mliokuwa nao pamoja na gari, na gari liliposimama mwendo ule ulibaki kwenu.

Mrushaji wa mkuki hufanya vivyo hivyo na mwili wake. Hukimbia katika njia yenye upana wa mita 4, mkuki ukiwa juu ya bega. Hatua za mwisho hukimbia kwa ubavu, mkono wa mkuki ukiwa umeachwa nyuma kabisa. Kisha, kama anarusha kwa mkono wa kuume, huupiga chini mguu wa kushoto ukiwa umenyooka kama nguzo. Hiyo ndiyo breki. Miguu imesimama, kiuno kinarushwa mbele, kiuno kinavuta kifua, kifua kinavuta bega, bega linavuta kiwiko, na mkono unakuja mwisho kama ncha ya mjeledi. Warushaji wakubwa huuachia mkuki kwa mwendo wa mita 30 hivi kwa sekunde. Hiyo ni zaidi ya kilomita 100 kwa saa, mwendo unaomfanya trafiki wa barabara ya Morogoro asimamishe basi. Na mguu ule wa kushoto hubeba uzito mkubwa mno kwa mara moja. Ndiyo sababu warushaji huumia vifundo, magoti na nyonga mara kwa mara. Likumbukeni jambo hili, tutalirudia.

Katika sinema mambo hayo yote huonekana. Tena sinema ina faida moja ambayo mwalimu hana: yaweza kusimamishwa, ikarudishwa nyuma, ikatazamwa mara ishirini, nayo haichoki wala haigombi. Kwa hiyo nusu ya kwanza ya habari ya Yego ni kweli. Alitazama, akaiga, akaendelea. Mwaka 2010 alipata medali ya shaba katika mashindano ya Afrika mjini Nairobi. Mwaka 2011 alishinda dhahabu katika Michezo ya Afrika mjini Maputo, Msumbiji, kwa mita 78.34. Magazeti yalipomwuliza alifundishwa na nani, alisema YouTube. Jina likamganda, akawa Bwana YouTube.

Sasa nusu ya pili.

Sinema inakuonyesha mtu mwingine. Haikuoni wewe. Ninyi wenyewe mnalijua jambo hili. Katika wiki za kwanza za darasa, mwanafunzi hutazama herufi b ubaoni, akaiandika kwa uangalifu wote, na kumbe ameandika d. Ubao haumwambii. Ataendelea kuandika d mwezi mzima akiwa na furaha, mpaka mwalimu apite nyuma yake, aweke kidole, aseme, "Mama, tumbo la herufi hii linatazama upande wa pili." Mrushaji aliye peke yake yu katika hali hiyo hiyo. Anadhani mguu wake umenyooka kama wa Železný, kumbe umepinda.

Mwaka 2012 Yego alipata msaada wa masomo kutoka shirikisho la riadha la dunia, akapelekwa Ufini. Ufini ni nchi ya baridi, kaskazini ya Ulaya, na watu wake wanaupenda mkuki kama Wakenya wanavyopenda mbio. Mahali penyewe huitwa Kuortane. Huko alimkuta mwalimu, Petteri Piironen. Kwa mara ya kwanza alikuwa na mtu wa kusimama kando yake na kumtazama yeye. Alikuta pia chumba cha mazoezi ya nguvu, chakula kilichopangwa, na wenzake wa kurusha nao. Mmoja wa wanafunzi wa Piironen alikuwa Ihab Abdelrahman wa Misri. Lishikeni jina hilo pia.

Tuandike tarakimu tuone.

Mwaka 2011, Maputo: 78.34.

Mwaka 2012, Olimpiki ya London: 81.81.

Mwaka 2013, mashindano ya dunia ya Moscow: 85.40.

Mwezi Juni 2015, Birmingham, Uingereza: 91.39.

Mwezi Agosti 2015, Beijing: 92.72.

(Kituo. Kila mwanafunzi atoe 78.34 katika 92.72.)

Aliyepata 14.38 amepata. Mita 14 na zaidi, kwa miaka minne. Kutazama peke yake kulimfikisha karibu na mita 80, na hilo si jambo dogo. Wengi wenye walimu hawafiki hapo. Lakini kutoka 80 kwenda 92 alikwenda akiwa na mwalimu. Kwa hiyo anayemwambia kijana wa Temeke, "Nenda katazame simu, Yego naye alitazama simu, hana haja ya mwalimu," anamdanganya. Naye anayesema kwamba bila mwalimu mtu asianze kabisa, anamdanganya vile vile, kwa sababu kama Yego asingeanza peke yake hakuna mtu ambaye angemwita Ufini. Waliomwita walikuwa wameziona tarakimu zake.

Mjini Moscow mwaka 2013 lilitokea jambo la uchungu. Katika mashindano hayo kila mtu alirusha mara tatu, kisha wanane walio bora wakarusha mara tatu nyingine. Yego alikuwa wa tatu mpaka mzunguko wa mwisho. Medali ya shaba ilikuwa yake, bado dakika chache tu. Ndipo Mrusi Dmitriy Tarabin, nyumbani kwao, mbele ya watu wao, akarusha mita 86.23. Toeni 85.40 katika 86.23. Inabaki 0.83. Sentimita 83 ni urefu wa meza ya chakula kutoka sakafuni, umezidi kidogo. Yego akawa wa nne, na wa nne hapewi medali. Mwaka uliofuata alishinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola mjini Glasgow kwa mita 83.87.

Basi twende Beijing. Siku ya tarehe 25 Agosti 2015, Mkenya Nicholas Bett alikuwa ameshinda mbio za mita 400 za kuruka viunzi, jambo ambalo Wakenya hawakulizoea, maana ushindi wao ulikuwa katika mbio ndefu. Kesho yake ilikuwa zamu ya mkuki. Yule Mmisri, Ihab Abdelrahman, mwenzake Yego wa Kuortane, alirusha mita 88.99. Katika mzunguko wa tatu Yego alikimbia, akapiga mguu wa kushoto, akauachia mkuki, na mwili wake ukaanguka mbele kifudifudi, akajizuia kwa mikono. Hiyo ni desturi yake. Huanguka karibu kila mara, kwa kuwa anakuja na mwendo mwingi kupita wengine na hataki kuupoteza hata kidogo. Ni desturi ya hatari, maana mbele yake pana mstari mweupe, na ukiugusa mrusho hauhesabiwi. Hakuugusa. Mkuki ulielea kama sekunde nne, ukachoma majani mbali kuliko mikuki yote.

Mita 92.72. Tangu mwaka 2001 hakuna mtu duniani aliyekuwa amerusha mbali vile. Hakuna Mwafrika aliyepata kufika hapo. Abdelrahman akawa wa pili, na Tero Pitkämäki wa Ufini akawa wa tatu kwa mita 87.64. Tazameni ajabu hii: wa kwanza na wa pili walitoka Afrika, wote wawili walifundishwa Ufini na mwalimu mmoja, na Mfini mwenyewe akaja nyuma yao. Yego akawa Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya dunia katika mchezo usiokuwa wa kukimbia.

Mwaka 2016 ilikuja Olimpiki ya Rio de Janeiro, Brazil. Siku ya safari bingwa wa dunia alifika uwanja wa ndege wa Nairobi akaambiwa tiketi yake haipo. Ndiyo, tiketi ya bingwa wa dunia! Ilipatikana baadaye, naye akaondoka. Huko Rio, mrusho wake wa kwanza ulikwenda mita 88.24. Kisha kifundo cha mguu kikamshinda. Nilisema tutarudi kwenye majeraha ya warushaji. Hakuweza kumaliza mizunguko yake. Thomas Röhler wa Ujerumani alimpita kwa mita 90.30, na Yego, kwa ule mrusho mmoja wa mwanzo, akapata medali ya fedha.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya majeraha. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, hakufika hata fainali. Watu wakasema amekwisha. Mwaka 2022 alipata shaba ya Jumuiya ya Madola kwa mita 85.70. Mwaka 2024, mjini Paris, akiwa na umri wa miaka 35, alirusha mita 87.72 akawa wa tano. Paris ilishindwa na Arshad Nadeem wa Pakistan kwa mita 92.97. Linganisheni na ile 92.72 ya Beijing. Tofauti ni sentimita 25, shubiri moja na kidogo.

Sasa najua kuna mtu Tandale amenyoosha mkono, anataka kuuliza: na sisi Watanzania je? Sisi tulikuwa na Zakayo Malekwa. Alirusha mkuki kwa jina la Tanzania katika Olimpiki tatu mfululizo: Moscow mwaka 1980, Los Angeles mwaka 1984, na Seoul mwaka 1988. Alifanya hivyo kabla Yego hajazaliwa, wakati ambapo hapakuwa na YouTube. Wazee mliokuwa mkisikiliza redio miaka ile huenda mnalikumbuka jina lake. Waambieni vijana darasani kwenu, maana nikiwauliza wengi wao hunitajia Filbert Bayi tu, na Bayi alikuwa wa kukimbia.

Muda wetu umekwisha. Kazi ya darasa ni hii. Kwanza, andikeni tena zile tarakimu tano kutoka ndogo mpaka kubwa, na kando ya kila moja andikeni jina la mji. Pili, tafuteni tofauti kati ya London na Moscow. Tatu, tokeni nje, pimeni kwa hatua mita 92 kutoka mlango wa darasa, mwone mnafika wapi: kwa muuza mkaa, kwa fundi cherehani, au mmekwisha vuka barabara. Hatua moja ndefu ya mtu mzima ni karibu mita moja. Pimeni tu, msirushe kitu, maana uani pana watoto.

Kwa herini, mpaka kipindi kijacho.